Bastola ya 9 mm inakwama renji na kila mtu ananiambia "ni mkono wako". Wataalamu naomba msaada

MamaJumla

Wakuu habari za jioni, na shikamooni wakubwa wote.

Nina duka la jumla Kariakoo na namiliki bastola kihalali, leseni ipo na haijaisha muda. Ni milimita 9, ile 9x19 ya kawaida, fremu ya plastiki, slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na mbele) ya chuma. Niliinunua ikiwa imeshatumika, umiliki ukahamishwa polisi kwa taratibu zote. Ilikuja na magazini mbili.

Shida ni kwamba nikienda renji, uwanja wa kulenga shabaha, inakwama. Mara nyingine nikifyatua, ganda halitoki. Linabaki limesimama wima kwenye dirisha la slaidi, slaidi imelibana kama mlango uliofunga kidole. Mara nyingine ganda linatoka vizuri, lakini risasi inayofuata inachomoka kwenye magazini ikiwa imeinamisha pua, inagonga chini ya mlango wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na slaidi inaishia nusu njia. Halafu risasi zikiisha, kuna wakati slaidi inabaki nyuma kama inavyotakiwa, na kuna wakati inajifunga kana kwamba bado zipo.

Kila ninayemuuliza ananipa jibu moja: "Mama, mkono wako mlegevu." Hata kabla hajaishika bastola yenyewe. Nimeshika kwa nguvu, nimesimama nilivyoelekezwa, bado inakwama. Sibishi, kama ni mkono niambiwe na nionyeshwe. Ila mimi ndiye ninayefunga duka jioni na mauzo ya siku nzima. Sitaki kubeba kiunoni kitu nisichokiamini.

Tatizo liko wapi?

JijiJoto

Dada, ni mkono. Bastola nyepesi za plastiki zinahitaji kiwiko kikavu. Ukilegeza, fremu inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi inakosa kitu cha kusukumana nacho, haifiki mwisho, ganda linabanwa. Nimeona wanawake wengi renji na shida ni hiyo hiyo. Fanya mazoezi ya kushika, tatizo litaisha.

KakaWaGoba

Kabla ya yote isafishe. Fungua, sugua mtutu kwa brashi, halafu mwagia oili ya kutosha kila mahali. Bastola kavu lazima igome. Mimi yangu natumia oili ya cherehani na haijawahi kunisumbua.

Tegeta Kibaoni

Uza hiyo dada, nunua mpya. Silaha iliyotumika ni sawa na gari la mnada, hujui ilikotoka.

MstaafuMbweni

MamaJumla, marahaba. Nimetumikia karakana ya silaha jeshini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, acha nikusaidie taratibu. Na nikuombe kitu kimoja mapema: usiisafishe kwanza. KakaWaGoba ana nia njema, lakini ukisafisha leo umefuta ushahidi wote.

Tuelewane kwanza inavyofanya kazi. Bastola nyingi za 9x19 zinatumia mfumo uliotokana na kazi ya John Browning, mbunifu wa silaha Mmarekani. Risasi ikilia, slaidi na mtutu vinarudi nyuma vikiwa vimeshikana kwa milimita chache, kisha kitako cha mtutu kinainama na viwili hivyo vinaachana. Slaidi inaendelea kurudi peke yake. Ndani yake kuna ndoana ndogo ya chuma iliyoshika ukingo wa kitako cha ganda, na ndiyo inayolichomoa ganda kwenye chemba. Ganda likifika nyuma linagonga kijino kilicho kwenye fremu, linarushwa nje kupitia dirishani. Baada ya hapo springi iliyo chini ya mtutu inairudisha slaidi mbele, na ikiwa inarudi inasukuma risasi ya juu kabisa kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba. Yote hayo ni ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Sasa rudi kwenye maelezo yako. Wewe umeeleza magonjwa mawili, wenzangu wamekujibu kama vile ni moja.

Ganda kusimama wima ni ugonjwa wa kutoa. Ama slaidi haikurudi na nguvu ya kutosha, au ndoana iliachia ganda kabla halijafika kwenye kijino, au kijino chenyewe kimevunjika. Slaidi kukosa nguvu kunaweza kutokana na mkono, kweli, lakini pia na risasi dhaifu, ukavu, uchafu au springi isiyo yake.

Risasi kuinamisha pua, pamoja na slaidi kutobaki nyuma risasi zikiisha, huo ni ugonjwa wa kulisha. Hapo mshukiwa wangu wa kwanza siku zote ni magazini. Kisahani cha plastiki kinachobeba risasi kinapaswa kupandishwa haraka na kwa usawa, na risasi ya mwisho ikitoka, hicho hicho ndicho kinachosukuma kishikio cha slaidi juu. Springi ikichoka au ikishika kutu, kinapanda kwa kuchelewa, upande mmoja juu, mwingine chini.

Umesema una magazini mbili. Je, inakwama kwenye zote, au ni moja? Hujui, kwa sababu zinafanana. Chukua rangi ya kucha, tia nukta moja kwenye ya kwanza na nukta mbili kwenye ya pili. Hilo peke yake linaweza kumaliza nusu ya uzi huu.

Kisha nenda renji na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anza na magazini: risasi zile zile, mpigaji yule yule, badilisha magazini tu. Halafu badilisha risasi, fungua boksi jipya la kiwanda kingine. Mwisho badilisha mpigaji: mkufunzi wa hapo afyatue bastola yako, kwa magazini yako na risasi zako. Akikwama na yeye, basi hadithi ya mkono imekwisha. Asipokwama, tutarudi kwenye mkono wako bila kukuonea.

Na ikikwama, usikimbilie kuikwamua. Nawasihi wote mnaosoma hapa. Watu wamefundishwa kugonga kitako cha magazini na kuvuta slaidi, na hiyo ni sahihi ukiwa hatarini. Renji ukiwa unatafuta ugonjwa, toa kidole kwenye triga, mtutu ubaki umeelekea shabaha, nyanyua mkono mwingine umwite msimamizi. Mkishirikiana naye angalieni slaidi imesimama wapi, ganda limelala vipi, risasi inayofuata imefika wapi. Likishakwamuliwa, lile ganda liokote, litie kwenye kimfuko chake, uandike ni magazini ipi. Maganda ya mikwamo ndiyo nitakayokuuliza.

JijiJoto

Mzee heshima yako, lakini mbona maelezo marefu? Springi za bastola hizi zinadumu maelfu ya risasi. Mkono mlegevu unaleta yote mawili, kutoa na kulisha. Ushahidi upo.

MstaafuMbweni

JijiJoto, ni kweli unaweza kuleta yote mawili, na ndiyo maana ni jibu la haraka. Ila jibu linaloweza kueleza kila kitu lazima lipimwe, tena ni rahisi kulipima: mpe mtu mwingine afyatue. Mtu akiambiwa ni mkono wake, anarudi nyumbani na bastola mbovu akiamini mbovu ni yeye. Siku ya siku ikigoma, nani atakuwa amesaidiwa?

PwaniSalama

Naongezea kwenye suala la risasi, maana hapa Dar mtu ananunua boksi, linalala kabatini msimu wote wa masika kwenye unyevu, halafu anashangaa. Angalieni kitako cha kila risasi. Pana maandishi ya ukubwa. Risasi ya .380, wengine wanaiita 9 fupi, ganda lake ni milimita 17, la 9x19 ni milimita 19. Ikichanganyika kimakosa inaweza kuingia chemba ya 9x19, ikashikiliwa na ndoana tu, ikalia, na slaidi ikakosa nguvu ya kurudi. Ganda linabaki dirishani, na mara nyingi limevimba au limepasuka. Ile 9x18 ya Makarov nayo ni ya bastola nyingine kabisa, pua yake ni nene zaidi, milimita 9.27 wakati ya 9x19 ni 9.01. Usijaribu hata kwa bahati.

Na kwa wale wanaotoa risasi chemba kila usiku wakifika nyumbani na kuirudisha ile ile asubuhi: kila ikikokiwa, pua inagonga mlango wa chemba na inaweza kuzama kidogo kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, presha inapanda. Iwekeni sambamba na mpya mlinganishe urefu. Iliyofupika, itengeni.

Mbagala Rangi Tatu

Swali langu wakuu. Mimi kuna siku yangu ilitoa mlio mdogo, "puf", kama chupa ya soda, slaidi haikurudi. Nikitaka kukoki nyingine mkufunzi akanizuia kwa ukali sana. Ilikuwa nini?

MstaafuMbweni

Alikuokoa vidole, na pengine macho. Mlio mdogo una maana baruti haikuwaka ipasavyo na pua ya risasi huenda imekwama katikati ya mtutu. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka mkononi. Hapo unasimama, unatoa magazini, unahakikisha chemba iko tupu, bastola inafunguliwa na mtutu unakaguliwa kuanzia upande wa chemba. Ikiwa pua ipo ndani, kazi hiyo ni ya fundi, wala usiisukume wewe kwa fimbo ya kusafishia.

Kuna jingine linalofanana nalo: umebonyeza triga, ukasikia "tik", kimya. Usifungue haraka. Elekeza mtutu shabahani, subiri angalau sekunde 30, maana fataki inaweza kuchelewa kuwasha baruti. Ndipo uitoe. Iangalie ile fataki, kile kisahani kidogo katikati ya kitako. Ikiwa na shimo la kina kizuri, lawama ni ya risasi. Ikiwa na alama hafifu, pini inayoigonga fataki haigongi vizuri, na mara nyingi ni oili na vumbi vilivyogandiana kwenye njia ya pini.

KakaWaGoba, hapo ndipo napata shida na "mwagia oili kila mahali". Vitabu vya watengenezaji wengi vinakataza kutia oili kwenye njia ya pini. Oili ya cherehani ni nyepesi, haina ubaya mkubwa, ila kwa joto la Dar inatiririka na kukauka mapema. Tone moja kwenye kila reli ya slaidi, tone pale mtutu unaposuguana na slaidi, futa kinachobaki. Kuna jamaa alikuwa anatumia mafuta ya nazi. Yanaganda chini ya nyuzijoto 24 au karibu na hapo, na ofisi yake ina kiyoyozi. Slaidi ilikuwa inarudi kama inakanyaga matope.

KakaWaGoba

Asante mzee, hilo la njia ya pini sikuwahi kuambiwa.

MamaJumla

Nimerudi wakuu. Renji nimekwenda na nimefanya kama mzee alivyoagiza, kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kulisha: inakwama kwenye magazini yenye nukta mbili tu. Ya nukta moja inalisha mpaka ya mwisho na slaidi inabaki nyuma kila mara. Hiyo ya nukta mbili nikiikandamiza kwa kidole ikiwa tupu, kisahani kinashuka vizuri lakini kikipanda kinasita katikati, kinaelemea kushoto.

Kutoa: ganda linasimama kwenye magazini zote mbili. Nikabadilisha risasi, boksi jipya, bado. Nikamwomba mkufunzi. Ni mwanaume wa mazoezi, mkono wake ni kama nguzo. Magazini ya kwanza ilipita salama, akanitazama. Ya pili ganda likasimama. Akairudisha mezani, akaniambia, "Mama, naomba radhi, hii si wewe."

Maganda ninayo hapa mbele yangu. Yaliyotoka vizuri ukingo wake una alama ndogo nyembamba. Yaliyokwama ukingo umetafunwa, kuna kipande kidogo cha shaba kimenyanyuka upande mmoja kama ngozi ya kucha, na alama imeteleza kuelekea nje. Fataki zote zina shimo la kina, katikati kabisa.

MstaafuMbweni

Umefanya kazi safi, binti yangu. Wewe ndiye umeipata, mimi nimesoma tu ulichoandika.

Fataki nzima, risasi za maboksi yote mawili zimekwama, wapigaji wawili wamekwama. Ukingo umetafunwa na alama imeteleza: ndoana inashika, inavuta, halafu inaachia. Ama ncha yake imelika, au chini yake pamejaa uchafu haifungi, au springi yake imekufa. Na kwa kuwa ilitumika na mwingine, huenda alikuwa na mazoea ya kudondosha risasi moja kwa moja chemba kwa mkono na kuachia slaidi. Kwenye bastola nyingi ukingo wa risasi unatakiwa uteleze kutoka chini, kwenye magazini, uingie nyuma ya ndoana. Ukiiweka chemba kwanza, ndoana inalazimishwa kuuruka ukingo kwa kishindo. Ikizoea hivyo, ncha inamegeka.

Peleka kwa fundi wa silaha mwenye leseni, na maganda yako uende nayo. Asije mtu akakuambia upige tupa ndoana au mlango wa chemba, au ukate springi. Chuma kilichoondolewa hakirudi. Magazini usikunje midomo yake kwa koleo, ifunguliwe, ikaguliwe.

JijiJoto

MamaJumla, pole kwa usumbufu. Mzee, nimekuelewa.

MamaJumla

Mrejesho wa mwisho wakuu, nimetoka kwa fundi.

Alinifungulia mbele yangu. Chini ya ndoana palikuwa na masizi meusi yamekandamizwa na vipande vya shaba, pagumu kama saruji, akayachokoa kwa kijiti cha mbao. Lakini baada ya kusafisha akanipa kioo cha kukuzia: ncha ya ndoana ilikuwa imemegeka pembe moja. Kusafisha peke yake kungeiponya kwa muda mfupi, halafu ingerudia. Ameweka ndoana mpya na springi yake.

Magazini ya nukta mbili ilikuwa na kutu ndani, springi imeshika rangi ya kahawia kuanzia katikati kwenda chini. Fundi aliniuliza kama nabeba magazini ya akiba kiunoni upande wa mgongo. Ndiyo, nabeba hapo. Alisema jasho la Dar lina chumvi ya kutosha kula springi, achilia mbali hewa ya bahari. Imebadilishwa, na nimeelekezwa kuzifungua magazini na kuzifuta zikiwa kavu bila kutia oili ndani, kwa kuwa oili inakamata vumbi.

Nimerudi renji, tumepiga mimi na mkufunzi, kwa boksi la mazoezi na kwa zile ninazobeba. Hakuna iliyosimama.

Mzee wangu wa Mbweni, Mungu akupe afya na umri mrefu. Nimekuwa nikiambiwa "mkono wako" na watu ambao hawakuwahi kuokota hata ganda moja.

MstaafuMbweni

Amina, binti yangu. Endelea kuipima bastola kwa zile risasi unazobeba, si za mazoezi pekee. Risasi ya gramu 7.5 na ya gramu 9.5 hazisukumi slaidi sawa, na za kujilindia mara nyingi pua yake ina shimo, haitelezi kwenye mlango wa chemba kama ya duara. Ukipata nafasi, mkono mmoja pia, wa kulia na wa kushoto.

PwaniSalama

Mama, swali dogo. Zile risasi zilizogoma, zilizobonyea na zilizoota rangi ya kijani kwenye boksi la zamani umezifanyaje?

MamaJumla

Zipo kwenye bati lake, nimezifungia. Nilikuwa nataka kuuliza hilo hilo.

MstaafuMbweni

Usizitupe jaani, usizifukie, usizichome, wala usizitie baharini. Zihesabu, ziandike, zipeleke kituo cha polisi unakoandikishiwa silaha, uwakabidhi kwa maandishi na uondoke na nakala yako. Hesabu ya risasi zako ibaki inalingana na kumbukumbu zako.